Peru, Bolivia na Chile kwa wawili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu majangwa, milima na magofu ya Andes

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mume na mke, wachumba au marafiki wawili wanaotaka kusafiri kwa mabasi, treni na magari ya kukodi kutoka pwani ya Peru hadi jangwa la Atacama kaskazini mwa Chile. Bei zimetajwa ili mpate picha tu. Viingilio hupanda mara kwa mara, kwa hiyo wekeni akiba kidogo juu ya kila hesabu.

Tuanzie nchi gani?

Anzeni Lima. Sababu ni mwinuko. Safari hii hupangwa kwa kuangalia kimo cha mahali mtakapolala, ramani inafuata baadaye. Lima iko baharini, Nazca iko chini ya mita 600, Arequipa ni mita 2,335, Cusco 3,400, Puno kando ya Ziwa Titicaca kama 3,830, La Paz 3,640 na Uyuni 3,660. Baada ya hapo, kwenye nyanda za kusini mwa Bolivia, mtalala hadi mita 4,300 na kupita penye mita 4,900 hivi, kisha mtashuka San Pedro de Atacama, mita 2,400. Mkifuata mpangilio huo, mwili unapanda ngazi moja moja.

Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ana kipimo tayari: Horombo iko mita 3,720, karibu sawa na La Paz na Uyuni. Tofauti ni kwamba Kilimanjaro unakaa juu siku chache na kuteremka. Huku mtaishi kwenye kimo cha Horombo kwa wiki mbili, mkila, mkilala na kubeba mizigo.

Wanaoanzia La Paz kwa ndege hutua El Alto, uwanja ulio zaidi ya mita 4,000. Baadhi yao hupoteza siku mbili za kwanza kitandani, na fedha ya hoteli imekwisha kulipwa.

Siku ngapi zinatosha?

Siku 24 hadi 28 bila kukimbizana. Mgawanyo unaofanya kazi: Lima 2, Nazca 1, Arequipa na korongo la Colca 4, Cusco na Bonde Takatifu pamoja na Machu Picchu (mji wa kale wa Wainka, watawala wa Andes kabla ya Wahispania) 6, Puno na Copacabana 3, La Paz 3, Uyuni hadi mpaka wa Chile 3, San Pedro de Atacama 3. Siku moja au mbili ziacheni wazi. Kwa nini, tazameni jibu kuhusu mabasi.

Mkiwa na wiki mbili tu, chagueni Peru kusini peke yake. Kuzibana nchi tatu ndani ya siku 14 ni kulipa pesa nyingi ili mkalale kwenye mabasi.

Tiketi ya ndege iwe ya kuingilia Lima na kutokea Santiago. Kutoka San Pedro mnaenda uwanja wa Calama, kama kilomita 100, na kuruka hadi Santiago. Tiketi ya kwenda na kurudi Lima inaonekana rahisi kwenye skrini, lakini itawadai kurudi nyuma zaidi ya kilomita 1,500.

Viza moja inatosha nchi zote tatu?

Hapana. Hakuna huko kitu kinachofanana na viza ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda. Kila nchi ina masharti yake kwa kila pasipoti, na masharti hayo hubadilika, kwa hiyo ulizeni ubalozi au konseli ya kila nchi kabla ya kulipia ndege. Kama mna pasipoti za nchi mbili tofauti, msidhani jibu la mmoja ni jibu la wote wawili.

Kinachosahaulika zaidi ni viza za njiani. Kupitia Marekani kunahitaji viza ya Marekani hata kama hutoki uwanjani. Kupitia Paris au Amsterdam, mwenye pasipoti ya Kongo (DRC) au Somalia anahitaji viza ya kupita uwanja wa ndege. Ndiyo maana wengi hupita Addis Ababa hadi São Paulo, kisha huunganisha Lima. Hakikisheni tiketi zote ziko kwenye nambari moja ya uhifadhi, ili mizigo iende moja kwa moja msilazimike kuingia Brazil kuichukua.

Mpakani, hesabuni mihuri. Njia ya Puno kwenda Copacabana hupitia Kasani, ambako mnashuka kwenye basi, mnapita uhamiaji wa Peru, mnatembea kidogo na kuingia uhamiaji wa Bolivia. Mtu akipita bila muhuri wa kuingia Bolivia, hulipa faini siku ya kutoka, na siku hiyo huwa yuko kwenye kituo kidogo kilicho juu ya mita 4,400 na gari likimsubiri.

Cheti cha homa ya manjano kinahitajika?

Kibebeni, wote wawili. Bolivia hukitaka kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na Kenya, Uganda, Burundi na Kongo zimo kwenye orodha. Hata mwenye pasipoti ya Tanzania hayuko salama kukiacha, kwa sababu ya safari ya kurudi: Peru, Bolivia na Brazil nazo ni nchi zenye homa ya manjano, na afisa wa afya Dar es Salaam au Nairobi anaweza kukidai mkitua.

Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Kabla ya hapo cheti hakijaanza kufanya kazi. Tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Jina lifanane na la kwenye pasipoti. Mke aliyebadilisha jina baada ya ndoa na kubaki na kadi ya zamani arekebishe mapema.

Malaria haipo kwenye njia hii ya milimani na jangwani. Mkiongeza Amazoni, ni hesabu nyingine.

Ugonjwa wa mwinuko tutautambuaje, na dawa ni ipi?

Kichwa kuuma ndiyo dalili ya kwanza, ikifuatana na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu na usingizi wa kukatika katika. Huanza saa 6 hadi 12 baada ya kufika, kwa hiyo mtu anaweza kushuka kwenye ndege Cusco akiwa anacheka na kujuta usiku. Umri mdogo na mazoezi haviukingi. Kijana mwenye nguvu anaweza kuumia zaidi, maana mara nyingi ndiye anayekimbilia ngazi siku ya kwanza.

Kanuni zinazosaidia:

Mkishavuka mita 3,000, kimo cha kulala kisipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne mpumzike usiku mmoja pale pale. Mkitua Cusco kwa ndege, msilale Cusco. Shukeni siku hiyo hiyo hadi Ollantaytambo, mita 2,790, mkae usiku mbili, mwende Machu Picchu (mita 2,430), ndipo mrudi Cusco. Mpango huo peke yake huwasaidia wengi.

Asetazolamidi, inayojulikana pia kwa jina la Diamox, hutumika kama kinga: kwa kawaida miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda hadi siku mbili baada ya kufika. Muoneni daktari kwanza, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa. Vidole kuwasha kama vimefa ganzi, kukojoa mara kwa mara na soda kupoteza ladha ni madhara ya kawaida. Imezeni ya jioni mapema, vinginevyo usiku mzima ni safari za chooni.

Pombe siku mbili za kwanza iacheni. Dawa za usingizi pia, kwa sababu hupunguza pumzi.

Hatari ya kweli ina sura mbili. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mgonjwa anayumba kama mlevi, anachanganyikiwa, hawezi kutembea kwenye mstari ulionyooka. Ya pili ni mapafu kujaa maji: anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, midomo inageuka rangi. Zote mbili dawa yake ni moja: kushuka mara moja, usiku huo huo, bila kungoja asubuhi. Oksijeni husaidia kupata muda wa kushuka. Kwa kuwa mko wawili, kila mmoja amkague mwenzake jioni kwa kumtembeza hatua kumi, kisigino mbele ya kidole. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi husisitiza kwamba hajambo.

Mmoja wetu ana selimundu. Aende?

Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu, sikoseli kama wengi wanavyouita, asiende kwenye kimo hiki. Kukosekana kwa oksijeni huchochea seli kujikunja na maumivu makali kuanza.

Swali gumu ni la yule aliyerithi chembe ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu na hajawahi kuumwa. Afrika Mashariki watu hao ni wengi, na wengi hawajijui. Baadhi yao hupata tatizo la bandama kukosa damu wakiwa juu: maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, homa na kutapika. Pimeni damu kabla ya safari. Ikionekana chembe, ongeeni na daktari, pandeni polepole zaidi na nyweni maji mengi. Maumivu ya upande wa kushoto yakija, msiyaite gesi ya tumbo. Shukeni mkatafute hospitali. Madaktari wa milimani hawakutani na hali hii mara nyingi, kwa hiyo mgonjwa au mwenzake aitaje mwenyewe bila kungoja kuulizwa.

Majani ya koka ni halali?

Peru na Bolivia, ndiyo: hutafunwa, huchemshwa kama chai, na hoteli nyingi huiweka mezani bure. Chile hairuhusu kuingia nayo. Hali ni kama ya miraa, inayouzwa hadharani Kenya na kumpeleka mtu kortini akivuka nayo kwenda Tanzania. Msibebe hata mfuko mmoja wa chai kwenye begi la kurudia, sembuse mkipitia nchi za Ghuba. Kikombe kimoja cha chai hiyo kinaweza pia kufanya kipimo cha mkojo kionyeshe kokeini kwa siku kadhaa, jambo la kuzingatia kwa mwenye kazi inayopima wafanyakazi.

Kama tiba, koka huchangamsha kidogo. Haichukui nafasi ya kupanda polepole.

Tiketi za Machu Picchu zinanunuliwaje?

Mapema, na kwenye tovuti ya Wizara ya Utamaduni ya Peru. Kwa Juni hadi Agosti, miezi mitatu kabla si mapema kupita kiasi. Idadi ya kawaida kwa siku ni watu 4,500, na siku za msongamano mkubwa huongezwa hadi 5,600.

Tangu Juni 2024 kuna mizunguko mitatu iliyogawanywa kwenye njia 10. Mzunguko wa 1 unapita juu, kwenye mandhari inayoonekana kwenye picha zote, lakini hauingii sana mjini. Wa 2 una mandhari na majengo, ndio unaoisha haraka, na ndio wa kuchukua kama mnakwenda mara moja. Wa 3 unapita sehemu ya chini. Kiingilio cha mgeni mtu mzima kimekuwa soli 152 (soli ni fedha ya Peru), na 200 kwa njia zinazojumuisha kilima cha Huayna Picchu au Mlima Machu Picchu.

Makosa yanayowarudisha watu getini: nambari ya pasipoti isiyofanana na ya tiketi, kubeba nakala badala ya pasipoti halisi, begi linalozidi sentimita 40 kwa 35 kwa 20, na kuchelewa. Saa kwenye tiketi ni ya saa 24, kwa hiyo 07:00 ni saa moja asubuhi. Aliyezoea kuhesabu kwa Kiswahili aandike pembeni ili asije akasoma saa saba. Nunueni tiketi zenu wawili kwenye muamala mmoja. Mkinunua mbali mbali, mnaweza kujikuta mmoja ana mzunguko wa 2 na mwingine wa 3, na ndani hamtakutana.

Ndani hakuna choo. Vipo nje ya geti, na ukitoka hurudi.

Waliokosa mtandaoni wana njia moja: tiketi zinazouzwa dirishani katika kijiji cha Aguas Calientes, kwa kawaida za siku ya pili yake. Foleni yake ni ndefu, inataka usiku mmoja au miwili kijijini, na huchagui mzunguko unaoutaka.

Tunafikaje huko, na gharama ikoje?

Kutoka Cusco, gari dogo la abiria kutoka mtaa wa Pavitos hadi Ollantaytambo huchukua kama saa mbili. Kutoka hapo treni ya PeruRail au Inca Rail, chini kidogo ya saa mbili hadi Aguas Calientes. Treni ndiyo inayokula pesa, mara nyingi dola 120 na zaidi kwa mtu kwenda na kurudi. Kisha basi la dakika 25 hadi getini, kama dola 12 kila upande, au ngazi za miguu kwa saa moja na nusu hadi mbili. Pandeni kwa basi, teremkeni kwa miguu. Magoti yenye matatizo yafanye kinyume.

Njia ya bei ndogo ni gari la kutwa nzima hadi kituo cha Hidroeléctrica, kisha kutembea kilomita 10 hivi kando ya reli. Ni tambarare na nzuri. Ila barabara ya gari hupita kwenye miteremko inayoporomoka wakati wa mvua, kwa hiyo Januari hadi Machi tunashauri treni.

Njia ya Wainka ya siku nne ni jambo jingine: vibali 500 kwa siku pamoja na wapagazi na waongozaji, kampuni yenye leseni ni lazima, kilele chake ni Warmiwañusca, mita 4,215, na hufungwa Februari yote.

Tiketi ya watalii ya Cusco ina faida?

Ina faida kama mtatembelea magofu manne au zaidi. Boleto Turístico kamili imekuwa soli 130, hudumu siku 10 na hufungua maeneo 16, yakiwemo Sacsayhuamán, Pisac, Ollantaytambo, Chinchero na Moray. Haijumuishi hekalu la Qorikancha wala mashamba ya chumvi ya Maras. Anzeni kuitumia siku ya Ollantaytambo, siyo siku ya makumbusho ya mjini.

Na kama ni gofu moja tu litakalotembelewa bila haraka, liwe Ollantaytambo saa mbili kabla ya kufungwa. Mabasi ya watalii yamekwisha kuondoka.

Michoro ya Nazca: ndege au mnara?

Ndege, kama tumbo linavumilia. Michoro hii mikubwa ya jangwani ilitengenezwa kwa kuondoa mawe meusi ya juu na kuacha udongo mweupe chini yake, ikadumu kwa sababu mvua karibu haipo. Ukiwa ardhini unaona njia tu. Kwenye mnara kando ya barabara kuu ya Panamericana mtaona mikono, mti, na kipande cha mjusi ambaye barabara yenyewe ilimkata. Buibui, nyani na ndege mvumaji wanataka angani.

Ruko ni la dakika 30 hivi kwenye ndege ndogo, kwa kawaida dola 80 hadi 120, na ada ya uwanja hulipwa kando. Rubani hulaza ndege kulia kisha kushoto juu ya kila mchoro ili pande zote zione, na hapo ndipo watu wanapotapika. Chukueni nafasi ya asubuhi kabla upepo haujaanza, kuleni kidogo sana, mmeze dawa ya kichefuchefu saa moja kabla. Wacheni kupiga picha baada ya michoro mitatu ya kwanza: kutazama kupitia simu ndiko kunakogeuza tumbo. Abiria hupimwa uzito na kupangwa viti, kwa hiyo huenda msikae pamoja.

Jangwa la chumvi la Uyuni: tuanzie upande gani na tukague nini?

Anzeni Uyuni mkamalizie San Pedro. Anayeanzia San Pedro hutoka mita 2,400 na usiku wa kwanza kwa kawaida hulala juu ya mita 4,000. Anayeanzia Uyuni hulala kwanza kwenye ukingo wa chumvi, mita 3,700 hivi, na ule usiku mgumu karibu na ziwa jekundu la Laguna Colorada unamkuta mwili umezoea.

Safari ya kawaida ni siku tatu na usiku mbili, watalii sita na dereva kwenye Land Cruiser, kati ya dola 150 na 250 kwa mtu. Bei hiyo kwa kawaida haina kiingilio cha hifadhi ya Eduardo Avaroa (boliviano 150, fedha ya Bolivia, mara ya mwisho kutangazwa), kisiwa cha Incahuasi, vyoo wala maji ya moto. Bebeni taslimu boliviano 300 kwa kila mmoja. Mkishaondoka mjini hakuna ATM, na mtandao wa simu hukatika kwa saa nyingi.

Kabla ya kulipa, ombeni kuona gari lenyewe siyo picha yake. Angalieni mikanda ya viti vyote, matairi ya akiba mawili, mtungi wa oksijeni, na ulizeni dereva ataendesha peke yake saa ngapi kwa siku. Dereva mwenye harufu ya pombe asubuhi, msipande. Ajali mbaya huko zimetokea kwenye uwanda ulionyooka, mahali ambapo mtu anaweza kusinzia kwa kasi ya 100.

Mwenzi mwenye miguu mirefu asikubali kiti cha nyuma kabisa siku zote tatu. Kubalianeni na kundi mzunguko wa viti asubuhi ya kwanza, kabla watu hawajazoea mahali pao.

Januari na Februari maji hufunika chumvi na anga lote huonekana chini ya miguu. Ni maridadi, lakini mara nyingi Incahuasi haifikiki na safari hufupishwa. Mei hadi Oktoba chumvi ni kavu na njia ziko wazi, ila usiku wa Juni hadi Agosti hushuka nyuzi 15 chini ya sifuri na zaidi. Nyumba za usiku wa pili hazina joto. Kodini begi la kulalia Uyuni, mlale na simu na betri za kamera ndani yake, kwani baridi huzimaliza.

Kwenye chemchemi za mvuke za Sol de Mañana hakuna uzio. Ardhi ya pembeni ni ganda jembamba juu ya tope linalochemka. Kanyageni panapokanyagwa na dereva.

Heroe wa Laguna Colorada ni jamaa wa wale wa Ziwa Natron. Wekundu wa maji unatokana na mwani na madini.

San Pedro de Atacama kuna nini zaidi ya mchanga?

Chemchemi za El Tatio kwenye mita 4,320, ambako magari hutoka kabla ya alfajiri kwa sababu mvuke huonekana vizuri hewa ikiwa baridi. Valle de la Luna jioni. Ngome ya Pukará de Quitor ya karne ya 12, mwendo wa baiskeli kutoka mjini. Na anga: hewa ni kavu kiasi kwamba darubini ya redio ya ALMA iliwekwa juu ya uwanda wa mita 5,000 jirani na hapo. Matembezi ya usiku ya kutazama nyota hufanyika mjini, ila wakati wa mwezi mpevu hayana maana. Pangeni tarehe kwa kalenda ya mwezi.

San Pedro ndiyo sehemu ghali kuliko zote njiani. Siku tatu zinatosha.

Magofu gani mengine yanastahili kugeuza njia?

Tiwanaku, kilomita 70 hivi kutoka La Paz, ni ya watu waliotangulia Wainka kwa karne nyingi. Lango la Jua ni jiwe moja lililochongwa. Basi la asubuhi, makumbusho kwanza, magofu baadaye, mnarudi jioni.

Caral, chini ya kilomita 200 kaskazini mwa Lima, ina piramidi za miaka kama 5,000, na watalii ni wachache mno. Gari la kutwa linatosha.

Wenye siku za ziada kaskazini mwa Chile waende Arica kuona maiti zilizohifadhiwa za Wachinchorro, zenye umri wa hadi miaka 7,000, za kale kuliko zile za Misri. Ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2021.

Tubebe fedha za aina gani?

Dola mpya, zisizokunjwa wala kuchanika. Duka la fedha la La Paz hukataa noti yenye mpasuko kama lile la Kariakoo linavyokataa noti za zamani. Peru na Chile, kadi na ATM hufanya kazi mijini. Bolivia ni tofauti: tangu 2023 dola zilipoadimika, bei ya mtaani imekuwa ikipishana sana na ile rasmi, na anayelipa kwa kadi anaweza kuhesabiwa kwa bei mbaya. Ulizeni bei ya siku hotelini kabla ya kubadilisha.

Gawaneni: kila mmoja awe na kadi ya benki tofauti, nusu ya dola, na nakala ya pasipoti ya mwenzake.

Nguo?

Tabaka nyembamba nyingi. Fulana ya ndani ya joto, sweta, koti lililojazwa manyoya ya ndege, na koti la mvua na upepo juu yake. Mitumba ya Karume au Gikomba ina makoti haya kwa bei ndogo kuliko duka lolote la Cusco, ila sweta za alpaka subirini mkanunue huko.

Losheni ya kukinga jua ni ya ngozi zote. Ngozi nyeusi nayo huungua kwenye mita 4,000, hasa juu ya chumvi inayorudisha mwanga kutoka chini: ndani ya pua, chini ya kidevu. Miwani ya jua yenye kinga halisi, na mafuta ya mgando kwa midomo na pua kila saa chache.

Chakula, na je, halali inapatikana?

Wali, viazi, mahindi, kuku, supu ya kinoa. Chuño, viazi vilivyokaushwa kwa baridi ya usiku na jua la mchana, vinachukua muda kuvizoea. Kwenye mita 4,000 maji huchemka kwenye nyuzi 87 hivi, kwa hiyo maharage huiva kwa taabu. Msiyaagize kwenye vibanda vya njiani.

Nyama ya kuchinjwa kwa Kiislamu ni adimu nje ya miji mikubwa. Lima na Tacna zina misikiti. Kwingine, samaki: trauti wa Titicaca, na pwani samaki mbichi wa limau. Ulizeni pia mafuta, kwa sababu ya nguruwe hutumika sana kukaangia: "sin cerdo, sin manteca", yaani bila nguruwe, bila mafuta yake.

Mabasi yanaaminika?

Makampuni makubwa, ndiyo. Kiti cha "semi cama" hulala nusu, "cama" hulala zaidi, na kwa usiku mzima tofauti ya bei inastahili. Nazca hadi Arequipa ni saa 9 au 10, Arequipa hadi Cusco karibu hivyo hivyo, La Paz hadi Uyuni usiku kucha. Pasipoti, fedha na dawa zikae mwilini, siyo juu wala chini ya kiti.

Tatizo kubwa ni barabara kufungwa. Bolivia na Peru kusini, wananchi wenye madai huweka mawe na matairi barabarani, na hakuna kinachopita kwa saa nyingi au siku kadhaa. Msijaribu kupenya kwa gari dogo usiku. Magari hupigwa mawe. Hizo siku mbili zilizoachwa wazi ni za hapa, au za ndege ya La Paz hadi Uyuni.

Kati ya Copacabana na La Paz, kwenye mlango wa Tiquina, abiria hushuka na kuvuka kwa mashua huku basi likivushwa kwenye jahazi bapa la mbao. Ni utaratibu wa kila siku. Wekeni sarafu mkononi.

Chumba cha hoteli tukiombe vipi?

"Matrimonial" ni kitanda kimoja cha wawili. "Doble" mara nyingi huleta vitanda viwili vidogo. Cheti cha ndoa hakiulizwi.

Watatushangaa?

Milimani, ndiyo, kwa udadisi zaidi kuliko ubaya; wengine wataomba picha. Pwani ya Peru ni tofauti. Wilaya ya El Carmen huko Chincha, njiani kati ya Lima na Nazca, ni ya Waperu wenye asili ya Afrika, wajukuu wa waliofanya kazi mashambani hadi utumwa ulipofutwa mwaka 1854. Kusimama siku moja huko kwa chakula na ngoma kunafaa kuliko kupitiliza na basi.

Forodha ya Chile ina ukali gani?

Mkubwa. Matunda, asali, mbegu, nyama na maziwa mabichi haviingii. Jazeni fomu na mkiri kila chakula mlichonacho: ukikiri, watakagua na kuchukua wasichokitaka, ukificha chungwa moja, ni faini. Vinyago vya mbao na vikapu kutoka nyumbani navyo vitajwe.

Plagi na simu?

Umeme ni volti 220 hadi 230 nchi zote tatu, hivyo chaja zenu ni salama, lakini plagi ya pini tatu za mraba haiingii. Nunueni adapta ya pini mbili za duara kabla ya kuondoka; huko zinazopatikana ni za plagi za Marekani na Ulaya. Peru iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 na Bolivia kwa saa 7, kwa hiyo wakati mzuri wa kupiga nyumbani ni asubuhi yenu, kabla ya kuondoka hotelini.